Kiwanja cha Ndege, Ghorofa na Haki ya Mwananchi

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanachama na marafiki wa chama katika mkutano wa tawi mjini Nairobi. Tunaichapa kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ukumbini.)





Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa kulisikia tu mtu hudhani ni kazi ya wapimaji na mafundi, wala si kazi ya chama. Jambo lenyewe ni hili: ni nani awezaye kujenga karibu na kiwanja cha ndege cha Wilson, ajenge nini, na ajenge kwenda juu kiasi gani. Tumezoea kupigania ardhi kwa kuhesabu ekari. Twajua mpaka wa mashariki na mpaka wa magharibi. Lakini ardhi ina mpaka wa tatu ambao wengi wetu hatukuuangalia, nao ni mpaka wa juu. Huko juu nako kuna mali ya umma, kuna wanyang'anyi wake, na kuna wanyonge wanaoumia. Kwa hiyo hapana budi chama kiseme.

Kwanza tukumbuke kiwanja hiki kilitoka wapi. Mwaka 1929 bibi mmoja wa Kizungu, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi, ikaitwa Wilson Airways. Kiwanja kilichokuwa makao ya kampuni hiyo kilijulikana kwa jina la Nairobi West, na mwaka 1962 kikapewa jina la Wilson ambalo twalitumia hadi leo. Wakati ule ndege zilikuwa za nani? Zilikuwa za walowezi, za maofisa wa serikali ya kikoloni, na za wageni waliokuja kuwinda. Mwafrika alikiona kiwanja kwa kupita kando ya ua, au kwa kushika fagio na jembe. Hata kile kiwanja kikubwa cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958, kilijengwa kwa jasho la watu wetu waliofungwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Haya si ya kusahau.

Lakini ndugu zangu, mali iliyojengwa na mkoloni, au kwa jasho letu chini ya mkoloni, haiwi ya mkoloni milele. Tazameni Wilson anamtumikia nani leo. Madaktari wa ndege wa AMREF, walioanza kazi mwaka 1957, makao yao yako hapo. Mama aliyeshindwa kujifungua kule mbali kaskazini, ambako barabara ni ndefu na hospitali ni chache, akipata bahati ya kuletwa Nairobi kwa ndege, hushukia hapo. Ndege za Lamu, Lodwar na Maasai Mara huondoka hapo. Miraa ya mkulima wa Meru iendayo Somalia hupakiwa hapo, na mkulima huyo ajua kwamba miraa iliyochelewa ni majani makavu. Chakula na dawa za kuwaokoa watu wakati wa njaa na mafuriko hupitia hapo. Basi asije mtu akatuambia kwamba kiwanja kidogo ni mchezo wa matajiri wachache. Wamo matajiri, ndiyo. Lakini yumo pia mgonjwa, mkulima, mwalimu na mtoto wa mfugaji.

Sasa niseme jinsi sheria ya kimo inavyofanya kazi, kwa maana mtu asiyejua hesabu ya jambo hudanganywa na kila mwenye tai.

Mwaka 1944 mataifa yalikutana mjini Chicago, Marekani, yakafanya mapatano juu ya usafiri wa anga. Kenya ilipojitawala ikaingia katika mapatano hayo, mwaka 1964. Chini ya mapatano hayo viko vipimo vya kulinda anga ya kiwanja. Fikirini bakuli kubwa lililowekwa juu ya kiwanja, mdomo ukitazama mbinguni. Ndani ya bakuli hilo ndege huzunguka, hushuka na hupanda. Hakuna kitu kitakachotoka ardhini kikatoboa bakuli hilo.

Sakafu ya bakuli iko mita 45 juu ya kiwanja. Kwa viwanja vidogo kabisa hufika mita 2,000 kutoka kwenye njia ya kurukia. Kwa vile vyenye njia ndefu zaidi hufika mita 4,000. Baada ya hapo ukingo hupanda polepole, mita 1 kwa kila mita 20. Orofa moja ya nyumba ya kupanga tuihesabu mita 3. Basi mita 45 ni orofa 15. Mtu atasema, "Hiyo si haba!" Kweli si haba, lakini sikilizeni vizuri. Mita hizo hazihesabiwi kutoka kwenye udongo wa ploti yako. Zahesabiwa kutoka usawa wa kiwanja. Kama ploti yako iko juu ya kilima kilichokizidi kiwanja kwa mita 21, umebakiwa na mita 24, ndizo orofa 8. Jirani yako aliye bondeni aweza kujenga zaidi yako, wala hajapendelewa na mtu.

Na ubavuni mwa njia ya kurukia, na kwenye ncha zake, mambo ni magumu zaidi. Ubavuni, kwa njia ndefu, kimo huruhusiwa kupanda mita 1 tu kwa kila mita 7 unazokwenda mbali na ukanda ulio wazi. Kwenye ncha, ndege inapokuja kutua kwa kuongozwa na vyombo, mteremko wake ni mita 1 kwa kila mita 50. Hesabuni wenyewe: ukiwa nusu kilomita kutoka pale mteremko unapoanzia, umeruhusiwa mita 10. Hizo ni orofa 3, na tangi la maji juu yake tayari ni tatizo. Kadhalika mlingoti wa simu, ubao wa matangazo, waya wa stima, winchi ya kujengea, hata mkaratusi uliopandwa na babu yako, vyote vyahesabiwa. Ndege haiulizi kama kilichoigonga ni zege au mti.

Mtu mwingine atauliza, "Kwa nini mteremko uwe mrefu hivyo, na ndege mbona zaonekana kupanda haraka?" Jibu ni kwamba vipimo havikuwekwa kwa siku njema. Vimewekwa kwa siku ambayo mvua yanyesha, rubani haoni mbali, na injini moja imezimika. Siku hiyo ndege hupanda kwa shida kama mzee apandaye ngazi. Na hapa Nairobi shida yazidi, kwa sababu Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mabawa hushika hewa kidogo, injini hupata pumzi kidogo, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikinyanyuka hupanda polepole. Jua la mchana likiwaka huongeza ugumu. Mita chache ambazo pwani zingesamehewa, hapa haziwezi kusamehewa.

Ndugu zangu, haya si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 24 Januari mwaka 2003, ndege ndogo ilikuwa ikiruka kutoka Busia ikiwa imebeba mawaziri wa serikali mpya. Ilipoondoka tu iligonga nyaya za umeme, ikaanguka juu ya nyumba. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili, na wenzake wakaumia. Nyaya za umeme, ndugu zangu! Kitu ambacho mtu huona ni cha kawaida kabisa kando ya njia.

Na kule Kinshasa, Kongo, kipo kiwanja kidogo cha N'Dolo kilichozungukwa na mji. Mwaka 1996, tarehe 8 Januari, ndege ya mizigo ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia sokoni. Watu zaidi ya 200 walikufa wakiuza na kununua chakula. Hapo kosa la kimo halikuwapo, maana vibanda vya soko ni vifupi. Kosa la kutumia ardhi lilikuwapo. Soko lenye mamia ya watu liliachwa likae mwisho wa njia ya ndege. Ndiyo maana nasema kimo peke yake hakitoshi. Lazima tuulize pia ardhi yenyewe yafanya kazi gani.

Penye ncha za njia hapafai soko, wala shule, wala hospitali, wala ghala la mafuta. Jaa la taka halifai kabisa, kwa sababu taka huita makorongo na kunguru, na ndege mmoja mwenye manyoya akiingia kwenye injini aweza kuangusha ndege ya chuma. Pafaa nini basi? Pafaa mashamba ya mazao mafupi, viwanja vya michezo, karakana, maghala ya bidhaa zisizowaka, makaburi, na bustani za umma. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Bustani ya Uhuru, mahali bendera yetu ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba mwaka 1963, iko jirani na Wilson. Upande wa kusini iko mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1946. Nafasi hizo wazi ni pumzi ya mji, ni kumbukumbu ya taifa, na ni usalama wa ndege. Kila anayezitamani kwa macho ya kujenga hunyang'anya mara tatu kwa mkono mmoja.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta hapa hasa, nalo ni haki.

Wako watu waliokuwa wakikaa karibu na Wilson katika kijiji kilichoitwa Mitumba. Walikuwa maelfu, maskini, wenye nyumba za mabati, na shule ya watoto wao. Mwezi Septemba mwaka 2011 walipewa notisi ya siku saba waondoke. Walikwenda mahakamani, wakapata amri ya kuzuia wasiondolewe. Hata hivyo tarehe 19 Novemba mwaka huo matingatinga yaliingia, nyumba na shule zikavunjwa. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba kijiji kimekaa katika njia ya ndege na ni hatari. Wakazi nao walilalamika kwamba majumba ya ghorofa ya jirani yaliachwa yakisimama.

Ndugu zangu, pimeni jambo hili kwa ile hesabu tuliyoifanya sasa hivi. Nyumba ya mabati ina kimo gani? Mita 3. Ghorofa ina kimo gani? Kama sheria ya kimo inavunja kile kilicho chini na kuacha kile kilicho juu, basi hiyo si sheria ya kimo tena. Ni sheria ya mfuko. Kweli, yaweza kuwako sababu nyingine ya kumhamisha mtu wa chini aliye mwisho wa njia, kama tulivyoona Kinshasa. Lakini sababu hiyo yamhitaji ahamishwe kama binadamu: apewe muda, apewe mahali, na amri ya mahakama iheshimiwe.

Wakazi wa Mitumba hawakukata tamaa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo. Wakaendelea, na tarehe 11 Januari mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikasema kwamba haki zao zilivunjwa. Ikasema tena jambo kubwa: mtu asiye na ardhi akikaa juu ya ardhi ya umma na kujenga makao yake, hapati hati ya kuimiliki, lakini anayo haki ya makao ambayo lazima ilindwe. Ikarudisha shauri kwa Mahakama Kuu ili ipange watakavyotendewa. Karibu miaka kumi, ndugu zangu! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza shule ilipovunjwa alikuwa kijana wakati hukumu hiyo inasomwa.

Msinielewe vibaya. Sisemi watu waishi mwisho wa njia ya ndege kwa kuwa ni maskini. Umaskini haumkingi mtu na chuma kinachoanguka. Nasema sheria iwe moja. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 66, yaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama wa umma na mipango mizuri. Kifungu cha 40 kinasema mtu asinyang'anywe mali yake kwa ajili ya umma bila fidia ya haki, kamili, na ya upesi. Kifungu hicho hicho chasema ulinzi huo haumfikii aliyepata mali kwa njia isiyo halali. Na sheria ya usafiri wa anga ya mwaka 2013 yataka kibali cha mamlaka ya anga kwa majengo yaliyo karibu na viwanja. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni macho ya kuzisimamia na moyo wa kutomwogopa mkubwa.

Kuna wanaosema, "Kwa nini tusikihamishe kiwanja chote? Mji umekua, ardhi hiyo ni ya thamani, tuijenge." Neno hili latamkwa kwa sauti tamu, nasi tulisikilize, kisha tuulize. Kihamishiwe wapi? Popote kitakapopelekwa kuna mfugaji au mkulima atakayeambiwa apishe. Mgonjwa atashushwa mbali na hospitali zetu kubwa. Ile ardhi itakayobaki wazi itagawiwa kwa nani. Kwa mkazi wa Kibera, au kwa wale wale? Na tukihama bila kujifunza kulinda anga, baada ya miaka thelathini tutahama tena. Embakasi kilipofunguliwa kilikuwa nje ya mji katika uwanda mtupu. Leo kimekaribiwa na mitaa pande nyingi, na mwaka 2011 huko Syokimau tuliona nyumba za mawe za watu waliokuwa na karatasi mikononi zikivunjwa kwa madai kwamba zimejengwa juu ya ardhi ya kiwanja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumekwisha kujenga kuta za kutosha.

Wako pia wanaosema, "Ploti ni yangu, nimelipa, nitajenga nitakavyo." Kwa huyo nasema: ndugu, hata kijijini kwetu shamba lako halikupi ruhusa ya kuziba mto unaomwagilia majirani. Anga iliyo mbele ya njia ya ndege ni kama mto huo. Lakini kama ulinunua kwa nia njema, ukapewa kibali na ofisi ya serikali, kisha ofisi nyingine ikaja kukuambia uvunje, hapo makosa si yako peke yako. Aliyetia sahihi aitwe, ajibu, na hasara isimwangukie mwananchi pekee.

Basi chama kidai nini? Nitataja mambo matano.

La kwanza, ramani ya vimo ibandikwe. Isikae ndani ya kabati la wakubwa. Ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, ofisi ya kata, na ofisi ya kaunti, kwa Kiswahili, kila mtaa ukiandikiwa mita zake, ili mwananchi aisome kabla ya kununua na siyo baada ya kujenga.

La pili, kibali cha kimo kitangulie msingi. Mkaguzi aje wakati wa kuchimba, si wakati orofa ya nane imekwisha kupigwa rangi na wapangaji wamehamia.

La tatu, kuvunja kuanzie juu. Orodha ya vizuizi itangazwe hadharani, na kile kirefu zaidi kilicho karibu zaidi na njia kiwe cha kwanza, awe mwenyewe ni waziri, mfanyabiashara, au mwanachama wa chama hiki.

La nne, anayehamishwa kwa usalama wa umma alipwe au apewe makao kabla ya tingatinga kufika. Ardhi isigandishwe miaka na miaka, mwenyewe asiruhusiwe kujenga wala asilipwe.

La tano, nafasi wazi zinazozunguka kiwanja ziandikwe kuwa mali ya umma, na hati zozote zilizopatikana kwa hila zifutwe.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Nyinyi mafundi, mkipewa plani ya nyumba karibu na kiwanja, ombeni kuona kibali kwanza. Nyinyi akina mama wa chama cha akiba, msitoe fedha ya ploti kabla mmoja wenu hajakwenda kuuliza mita zake. Vijana, mkiona mlingoti mpya au winchi ndefu upande wa njia, andikeni barua kwa mamlaka, na nakala mlete tawini. Wenye miti, ikateni mapema. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Hatuwezi kudai mkubwa avunje ghorofa yake hali sisi wenyewe twaficha mti wetu.

Ndugu zangu, mkoloni alipima ardhi yetu kwa faida yake, akatuwekea mipaka ambayo hatukuulizwa. Kujitawala hakukufuta haja ya kupima wala ya kuweka mipaka. Kulitupa sisi kamba ya kupimia. Tuishike sawasawa, tupime ghorofa na kibanda kwa kamba ile ile, ili ndege iliyobeba mgonjwa kutoka Mandera ikute njia wazi, na mkazi aliye chini alale bila hofu ya kinachopita juu wala ya tingatinga la alfajiri.

Uhuru na haki!